Tundu Lililohamahama

Mwalimu hapigi hodi. Hupiga kengele ya baiskeli tangu akiwa kwenye kona, akaendelea kuipiga mpaka nitoke getini, na nikitoka hunitazama kama mimi ndiye niliyechelewa. Raskazone ni mtaa wa watu watulivu, na majirani zangu wameshamlalamikia mlinzi wangu zaidi ya mara moja. Mimi silalamiki. Mtu aliyenifundisha kushika randa ana haki ya kupiga kengele mlangoni kwangu mpaka ichoke yenyewe.

Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nitaandika Mwalimu ninayemjua. Ni mrefu, mkavu, ana vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Idi, na akikaa kwenye kiti kwanza hukitikisa kuona kama miguu imelingana. Alifundisha useremala miaka mingi, nami nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake, nathubutu kusema mmoja wa wale bora. Baadaye nikaenda Maskati na begi la kuazima na anwani ya binamu ambaye sikumkuta. Nilianza kwa kufua mashuka hotelini, nikaishia kuwa fundi mkuu wa viyoyozi wa hoteli ileile, na katikati yake nikasoma masomo ya jioni hadi nikapata stashahada. Hakuna aliyenishika mkono. Leo nina duka langu mjini, nina nyumba hii, na ofisi ambazo zamani zisingenipa hata kiti cha kusubiria hunitafuta mimi joto likizidi. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba ninapomsifu mtu, simsifu kwa kukosa wa kumlinganisha naye.

Yeye hajawahi kunisifu. Niliporudi nilimpelekea zawadi ya kanzu safi na koti lake, nikamweleza habari za stashahada yangu tangu mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua kiganja changu, akakipapasa.

"Laini," akasema. "Wamekuharibu."

Tangu siku hiyo ananiita Mmaskati.

Karakana yake iko mtaa wa Usagara, ubavuni mwa nyumba, chini ya bati. Ina sheria. Huruhusiwi kuegemea benchi. Huruhusiwi kupiga mluzi. Huruhusiwi kabisa kusema kitu "kiko karibu sawa", kwa sababu kwake mbao iko sawa au ni kuni. Wanaotaka kuharakisha kazi kwa msasa huambiwa kwamba msasa haurekebishi kosa, hulipaka poda tu. Wanaotaka kuondoa kibano kabla gundi haijakauka huambiwa gundi haina adabu lakini ina subira kuliko wao. Nimewahi kumsikia akimfukuza mteja aliyekuja kuchukua kitanda na kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba hata kama kina kasoro ndogo atakichukua.

"Kama hukioni kilivyo, utalalaje juu yake?" Mwalimu alimuuliza. Kitanda hakikuwa na kasoro yoyote. Yule bwana alitaka tu kuonyesha moyo mwema.

Mtu wa aina hii ungedhani atatengeneza milango na makabati mpaka siku yake ya mwisho, na ndivyo ilivyokuwa, hadi alipotokea mgeni mmoja aliyefikia kwenye nyumba ya wageni huku kwetu Raskazone na chombo kilichovunjika shingo. Kilikuwa kigitaa kidogo chenye nyuzi nne, tumbo lake si kubwa kuliko chano cha kuletea vitafunio. Mgeni alikiita ukulele. Watu wa Usagara waliona kitu kidogo chenye kelele kinaitwa ukulele, wakasema jina limefaa, wakaendelea na shughuli zao. Mwalimu hakuendelea na shughuli zake. Aliitengeneza shingo, akakaa na kile chombo siku nzima zaidi ya ilivyohitajika, akakipima kila upande, na alipokirudisha kwa mwenyewe alikuwa na uso wa mtu anayemsindikiza mtoto wake bandarini.

Baada ya hapo milango ikamchosha. Nilimuuliza kwa nini. Akapiga mlango uliokuwa umesimama pembeni kwa vifundo vya vidole. "Unasikia? Du. Maisha yangu yote nimetengeneza vitu vinavyosema du."

Akaanza kutengeneza ukulele. Mgongo na mbavu alitumia mkangazi, uso akatumia mbao nyepesi inayoshuka kwa malori kutoka Lushoto, na nyuzi zilikuwa nailoni ya kuvulia samaki, nene kwa nyembamba. Ya kwanza aliitoboa tundu katikati ya uso, kama lilivyokuwa kwenye ile ya mgeni. Nilikuwepo alipoipiga. Ilikuwa na sauti tamu, na sisemi hivyo kwa mapenzi. Kazi yangu ni kusikiliza mashine na kujua ipi nzima na ipi mgonjwa, na masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Wapita njia wawili walisimama. Mwalimu akaacha kupiga, akainamisha kichwa juu ya chombo, akapiga tena.

"Hii inasema na nani?" akauliza.

"Inasema na sisi, Mwalimu. Inasema vizuri sana."

"Ndiyo. Inasema na nyinyi. Mimi niliyeitengeneza nimepewa kisogo."

Hapo ndipo tundu lilipoanza safari zake.

Lazima niseme kwamba hoja yake haikuwa ya kijinga. Mimi ni mtu wa hewa. Hewa haitoki unapotaka wewe, hutoka palipofunguka, na sauti ya chombo kama kile huifuata. Tundu likitazama mbele, wa mbele hufaidi. Nilimweleza hivyo, nikamweleza pia kwamba tundu likiwa pana sauti hupanda na likiwa jembamba hushuka, jambo ambalo nilisoma nikifanya masomo ya mabomba ya hewa. Akanisikiliza kwa makini, kisha akasema kwamba hilo alikuwa amelijua tangu juzi.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo nililipata kwa mkewe. Ni mama wa Kibondei kutoka Muheza, mwenye tabia ya kuanza kucheka kabla hajamaliza sentensi. Siku hiyo alinisindikiza hadi kwenye gari na hakucheka.

"Mwanangu, Mwalimu hasikii."

"Hasikii nini, Mama?"

"Hasikii. Masikio yanafunga. Na yeye anasema ukulele ndizo mbovu."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii ukweli. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hazimi jua.

"Mimi nimwambie? Hebu sikiliza. Hana haja ya kusikia mambo ya watu, hayo hakuyataka tangu zamani. Anataka kujisikia anapopiga, basi, kabla hayajafunga yote. Kila ukulele anayoitoboa anasema hii ndiyo. Ikimshinda anasema mbao. Siku zikiisha mbao za kulaumu, sijui itakuwaje."

Tangu hapo nikaanza kuona yale niliyokuwa nikiyatazama bila kuyaona. Kengele ya baiskeli ilikuwa ikipigwa vile kwa sababu mpigaji mwenyewe aliisikia kwa mbali. Mwanamume aliyepiga marufuku makelele karakanani alikuwa akinong'ona kwa sauti iliyofika barabarani. Msikitini alikuwa akiwahi safu ya kwanza, watu wakamsifia uchaji wake, kumbe alikuwa akimtazama imamu mabega ili ajue lini ainame. Na aliitikia "marahaba" kwa kila mdomo uliofunguka mbele yake. Nimeona kwa macho yangu muuza karanga akipita na kutangaza karanga zake, na Mwalimu akimjibu kwa heshima zote, "Marahaba, baba, hujambo?"

Miaka yote aliyofundisha, mashine ya kuranda mbao ilisimama hatua chache kutoka mezani kwake. Wanafunzi tuliingia na kutoka. Yeye alibaki nayo.

Basi tundu likahama. Kwanza lilipanda begani, karibu na shingo, dogo kama shilingi. Halikumfaa. Likazibwa kwa kiraka cha duara kilichokaa barabara kiasi kwamba ukipitisha ukucha haukwami, na mawili mapya yakatobolewa upande wa chini. Hayakumfaa. Likatobolewa mgongoni. Hilo lilimpa matumaini, maana mgongo humwelekea mpigaji, ila Mwalimu aliiegemeza kifuani kama kawaida na sauti yote ikazama tumboni mwake.

"Mwalimu," mkewe akamwita kwa sauti kubwa, "tumbo lako limeshiba taarabu, utakula tena mchana?"

Wateja wa kahawa ya jirani walicheka. Mwalimu naye alicheka, jambo la nadra, kisha akaziba tundu.

Ukutani zilianza kujipanga ukulele zenye viraka, kila moja ikiwa na alama ya mahali ambapo tundu lilikaa kwa muda na kufukuzwa, na tundu jingine lililoachwa wazi. Waendesha bodaboda wakampa jina la Mzee wa Vigitaa. Watu walitaka kuzichukua, naye alikataa. Huwezi, alisema, kumpa mtu kitu kibovu. Hazikuwa mbovu. Nilizipiga zote, kwa kadiri ninavyojua kupiga, na kila moja ilikuwa nzuri kwa namna yake. Ile ya tundu la begani ilikuwa na sauti kavu, safi, kama mtu anayesema kwa ufupi.

Nikaamua kulimaliza jambo kisayansi, maana ndivyo nilivyofundishwa. Nikaweka kwenye simu yangu programu inayopima ukubwa wa sauti, nikaenda Usagara, nikamwomba apige ile ya kwanza yenye kiraka katikati, kisha hii mpya. Mshale ukapanda vizuri kwa zote mbili. Nikamwonyesha.

"Unaona, Mwalimu? Sauti ipo. Ipo ya kutosha."

Akaitazama simu, akaigeuza nyuma, akanirudishia. "Simu yako imezoea makelele ya Maskati."

Mwisho wa yote alikubali kwenda hospitali, kwa sharti kwamba tuseme mgonjwa ni mimi. Daktari alikuwa binti mpole. Alimweleza kwamba sikio la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, akampa vifaa vya kuvaa masikioni. Mwalimu alivivaa kwa uaminifu mpaka tulipofika nyumbani, mkewe akaangusha kijiko jikoni, naye akavivua. Alisema ni kama kukaa ndani ya sufuria linalokwanguliwa. Alivitundika kwenye msumari karakanani, kati ya tupa na patasi, na mtu akiuliza ni nini alijibu kwamba ni vya Mmaskati.

"Daktari amesema wazi, Mwalimu," nilimwambia.

"Daktari ni mtoto. Tundu halijapata mahali pake, basi."

Kisha likapata, au tulidhani limepata. Alilitoboa kwenye ubavu wa juu, pale ambapo chombo humtazama mpigaji kidevuni. Ukishika ukulele ile na kuinamisha macho uliona giza la ndani likikutazama. Alinipigia simu mwenyewe, yeye asiyependa simu, akapaza sauti maneno mawili tu, "Njoo. Sasa," akakata. Nilimkuta na singleti yake ya kazi, jasho linamtiririka, anapiga uzi mmoja, anaacha, anapiga.

"Nimeusikia," akasema. "Huu mwembamba. Mbali, lakini nimeusikia."

Mkewe alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

Wakati huo binti wa dada yake alikuwa anaolewa Mkwaja. Mwalimu akasema ataichukua ukulele hiyo na kumpigia bibi harusi wimbo mmoja, mbele ya watu. Mkewe alinivuta kando akaniambia niwe karibu naye. Alijua, na mimi nilijua, kwamba Mwalimu haendi Mkwaja kumfurahisha bibi harusi peke yake. Ile safari ilikuwa hukumu. Kama atajisikia pale, mbele ya ukoo mzima, basi mbao ndizo zilizokuwa na kosa siku zote.

Nikawapeleka kwa gari langu. Mwalimu alivaa kanzu niliyomletea na koti lake juu, kofia imenyooka kama amepima kwa timazi. Yeye ni mjomba wa bibi harusi, na mjomba haendi mbele ya wakwe akiwa na kanzu tupu. Baada ya pilau, zamu yake ikafika. Akakaa kwenye kiti (akakitikisa kwanza), akaweka chombo kifuani, akaanza.

Haikutoka sauti ya maana. Ilikuwa kama mtu anayeimba amefunikwa shuka. Mama mmoja aliyekaa mbele, mtani wao wa ukoo, hakuweza kujizuia.

"Mwalimu, hicho chako kimeshikwa na mafua? Tukichemshie tangawizi?"

Watu wakacheka, kicheko cha harusi, hakina ubaya. Mwalimu hakukisikia. Nilimwona akipunguza mwendo, akitega, akipiga kwa nguvu zaidi, halafu akiacha katikati ya wimbo. Akainuka, akapita uani. Nikamfuata. Alikuwa amesimama karibu na masufuria na ile ukulele mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi alisema na mimi kwa sauti ndogo.

"Nyuzi zimefunga," akasema.

"Zimefunga vipi?"

"Hakuna kitu."

Hapo nilimtazama vizuri, si uso wake bali mkono wake wa kulia, namna alivyoupitisha juu ya chombo. Nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia. Karakanani alikuwa akipiga na singleti. Mkono mtupu ulipita juu ya ubavu na tundu likabaki wazi. Sasa kulikuwa na mkono mpana wa kanzu, na juu yake mkono wa koti, na vyote viwili vimelala juu ya tundu kama mfuniko juu ya chungu. Fundi yeyote wa viyoyozi angeliona. Ukiziba mdomo wa bomba usitafute ugonjwa kwenye mashine. Lakini hapakuwa na fundi mwingine wa viyoyozi Mkwaja siku hiyo isipokuwa mimi.

"Mwalimu, vua koti."

Nilirudia kwa sauti kubwa. Akanielewa.

"Nivue koti? Kwenye harusi ya binti wa dada yangu?"

"Koti ndilo limeziba tundu. Tazama."

Akatazama. Akashika mkono wa koti, akauinua, akauachia, akauinua tena. Akatikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani darasani mtu anapokata mbao upande usio wa alama.

"Nimetoboa kwa mtu asiye na nguo," akasema.

Koti hakulivua. Alirudi, akakaa, akapiga wimbo wote ameinua kiwiko juu kama kuku mwenye bawa bovu, na mara hii watu walimsikia, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka bibi harusi akafunua uso kutazama. Niliporudi kukaa karibu naye nilimwonyesha kwa mkono: vipi? Akaonyesha kidole kimoja. Uzi mmoja. Kisha akakikunja nusu.

Tulirudi siku ileile alasiri, yeye kiti cha mbele, mkewe nyuma amesinzia. Kabla hatujafika kivuko cha Pangani, gari likaanza kulia chini ya boneti. Nikasimama, nikafungua, nikatoa bisibisi yangu ndefu. Nikaweka ncha yake kwenye alteneta na kishikio nikakikandamiza kwenye mfupa, nyuma ya sikio. Huu ni utaalamu wetu mafundi. Maskati nilikuwa nikitambua kompresa inayotaka kufa kwa njia hii kabla vipimo vya kigeni havijawashwa, na nina barua ya shukrani ya hoteli kuthibitisha. Mwalimu alikuwa ameshuka, amesimama kando yangu.

"Unafanya nini?"

Badala ya kupaza sauti nikampa bisibisi. Nikamwekea kishikio pale nyuma ya sikio la kushoto, lile ambalo daktari alisema limekwisha.

Alifumba macho. Magari mawili yalipita.

"Kuna mtu anasaga mahindi humu ndani," akasema.

"Ni beringi, Mwalimu."

"Inasaga vibaya."

"Vibaya sana."

Alianza kutabasamu, na tabasamu lile sijawahi kuona mtu akilitoa kwa ajili ya beringi mbovu. Akaihamisha bisibisi: kwenye injini, kwenye bomba la maji, kwenye chuma cha boneti, akigusa na kusikiliza kama daktari. "Inapita wapi?" akaniuliza.

Nikamgusa bisibisi, kisha nikamgusa mfupa. Nikamwambia, kwa sauti ya kumfikia, kwamba inapita kwenye chuma, halafu kwenye mfupa, haiombi ruhusa ya sikio. Hadi leo naiona ni sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kusema, na sikuiandaa.

Bisibisi hakunirudishia mpaka tumevuka mto.

Baada ya hapo kengele ya baiskeli haikusikika getini kwangu. Wiki zikapita. Nilidhani amekasirika, au amekata tamaa, na sikujua lipi baya zaidi. Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumapili, nikaenda Usagara mwenyewe. Mkewe alinifungulia, nikamwamkia, akaniitikia huku akicheka tayari.

"Ingia, mwanangu. Lakini usimwite. Hayupo huku kwetu."

Alikuwa amekaa karakanani na ukulele mpya kabisa, bado haijapakwa vanishi. Ilikuwa ndogo kuliko nyingine, na kwenye bega lake alikuwa ameongeza mbao iliyochongwa kibonde kidogo, mahali pa kuweka taya. Nilitafuta tundu usoni. Halikuwepo. Nikainama kutazama ubavuni, nikazunguka kutazama mgongoni. Lilikuwa sanduku lililofungwa pande zote.

Nikamgusa bega. Akainua macho.

"Mwalimu," nikasema mbele ya uso wake ili asome midomo, "umesahau tundu."

"Sijasahau. Tundu ni la watu. Mimi la nini?"

Akaiweka chini kwa uangalifu, akapiga kiganja dhidi ya kiganja kukung'uta vumbi.

"Masikio yangu yamekufa, Mmaskati," akasema, kwa sauti ileile ambayo mtu angesema sukari imekwisha. Mkewe alikuwa nyuma yangu. Nilisikia kicheko chake kikikatika. Mwalimu akainuka, akaenda ukutani, akaanza kuzishusha ukulele zenye viraka, moja baada ya nyingine, akinipa mikononi mpaka nikawa nazishika kwa kidevu.

"Hii haina kosa," akasema. "Na hii. Hii ya begani ilikuwa nzuri sana, nadhani, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Nilizisingizia. Wape watu wenye masikio."

Yeye hakungoja jibu. Alirudi kwenye kiti, akaichukua ile isiyo na tundu, akalaza taya kwenye mbao, akafumba macho, akaanza kupiga.

Mimi na mkewe tulisimama mlangoni. Vidole vyake vilikwenda upesi, wepesi, bila kusita, lakini kwetu haikufika ila mkwaruzo wa kucha kwenye nailoni na kengele za baiskeli za barabarani. Kuna wakati aliacha kupiga, akanuna, akakaza kigingi cha uzi wa tatu kidogo sana, akajaribu, akaridhika, akaendelea.

"Anapiga nini, Mama?" nikamuuliza.

Alikuwa akimtazama mumewe chini, miguuni. Mguu wa kulia ulikuwa ukipiga mdundo kwenye vumbi la mbao, taratibu, kisha ukabadilika, ukaanza kwenda haraka.

"Sijui wimbo gani," akasema. "Ila sasa amefika kwenye kiitikio."